Buti la Kushoto, Alama Kumi na Moja

Nilifundisha fasihi miaka thelathini na mmoja, na kumi na tisa kati ya hiyo nilisahihisha mitihani ya taifa. Ukinionyesha ishara katika hadithi, nakupa maana yake kabla hujafunga kitabu. Nyeupe ni amani. Njia panda ni uamuzi mgumu. Bundi akilia ukurasa wa tatu, jua mtu atazikwa ukurasa wa kumi. Kwa hiyo mke wa mwanangu aliponiletea hadithi yake mwezi wa Mei, hadithi aliyoiita "Buti la Kushoto", nilijiona ndiye mtu pekee Ekerenyo nzima mwenye haki ya kuielewa. Nayasema haya mapema ili mjue nilianguka kutoka juu kiasi gani.

Jina langu ni Nyamweya, ila kila mtu huniita Mwalimu, hata mke wangu Bochaberi, hasa akiwa amenikasirikia. Mwanangu Osoro alikwenda Arabuni miaka miwili iliyopita kufanya kazi katika godauni. Mkewe, Anyiko, kwao ni Oyugis, upande wa ziwani, na anafundisha shule ya kutwa hapa karibu. Nyumba yao iko chini ya yangu, ng'ambo ya mistari kumi na miwili ya chai, na tangu waoane sijawahi kuukaribia mlango wake. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na hashikani mikono na mke wa mwanawe. Tunaita chinsoni. Ni heshima, wala siidharau, lakini ina shida moja: kila ukitaka kujua kinachoendelea katika nyumba ile, lazima utume mtu au uchungulie.

Mimi nilichungulia. Sioni haya kulisema.

Shaka yangu ilianza Februari. Anyiko ni Mkatoliki, na sisi ni Wasabato, jambo ambalo nilikwisha kulimeza. Jumamosi sisi tunakwenda kanisani, Jumapili yeye anakwenda misa. Kanisa lao liko hapa hapa sokoni, unalifika kabla viatu havijapata vumbi. Lakini tangu Februari Anyiko alianza kwenda misa Nyansiongo. Nyansiongo! Unatoka Ekerenyo, unapita Nyamira mjini, unaingia Borabu kwenye mashamba makubwa yaliyokuwa ya wazungu, ukamwabudu Mungu yule yule uliyemwacha nyumbani. Alikuwa akiondoka asubuhi na kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa, anarudi jioni na maziwa katika kibuyu cha plastiki. Maziwa hayo alimpa Bochaberi, na Bochaberi akayatia kwenye chai yangu. Nakiri yalikuwa maziwa mazito, matamu kuliko ya ng'ombe wetu. Niliyanywa huku nikimchukia huyo aliyeyakamua, maana nilikuwa nimeshaamua kwamba Nyansiongo kuna mwanamume mwenye ng'ombe.

Halafu likaja buti.

Nililiona nikiwa kwenye chai, mstari wa mwisho, jioni moja ya mvua. Buti la mpira, la kijani, lenye ukanda mweupe juu, lilisimama mlangoni kwa Anyiko. Siku ya pili nililiona tena, na ya tatu. Nilikuwa nikiona moja tu. Nikajiambia kwamba la pili limefichwa na nguzo ya baraza, kwa sababu buti halitembei peke yake. Palipo moja pana la pili, na palipo mawili pana mwanamume. Nyumba ya mwanangu, na mwanangu yuko Arabuni anapigwa jua.

"Nenda ukatazame yale mabuti ni ya nani," nilimwambia Bochaberi. Mama mkwe hana kizuizi cha mlango, yeye huingia na kutoka.

"Mimi sihesabu viatu vya watu," alijibu, akaendelea kuchambua mboga za chinsaga kwa ajili ya chakula cha jioni. Hakuniangalia. Miaka arobaini ya ndoa imenifundisha kwamba Bochaberi asiponiangalia ana neno, lakini nililipuuza.

Siku chache baadaye ndipo alipoingia sebuleni na kitabu chembamba mkononi. Kilikuwa mkusanyiko wa hadithi fupi, kimechapishwa na kikundi cha waandishi wa Kisii mjini. "Anyiko amesema umsomee," aliniambia. "Amesema wewe hasa. Amelirudia hilo mara mbili."

Niliona ni majivuno. Mimi na Anyiko tulikuwa na ugomvi wetu wa zamani wa kitaaluma. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, tukiwa tumekaa uani, kila mtu upande wake kama inavyotakiwa, nilimweleza jinsi nilivyofundisha ishara: unapanga orodha, kitu huku, maana kule, mwanafunzi anakariri, anapita. Yule binti aliinamisha kichwa kwa adabu, halafu akanipinga. Alisema orodha yangu inafaa ngano za zamani, lakini hadithi za usasa haziendi hivyo. Katika hizo, alisema, kitu hubebeshwa lile ambalo wahusika wameshindwa kulisema kwa mdomo, na hakuna kamusi ya kukufungulia. "Kwanza ukiangalie kitu chenyewe, Mwalimu. Kina nini? Kimepungukiwa na nini? Ukikimbilia maana kabla ya hapo, utakuwa umejisoma mwenyewe." Osoro alicheka siku hiyo mpaka akamwaga chai. Mimi sikucheka.

Basi nilikaa mezani baada ya kifungua kinywa, nikatoa kalamu yangu nyekundu, nikasoma. Hadithi yenyewe haikuwa na kisa. Hakuna anayezaliwa, hakuna anayekufa, hakuna anayekwenda sokoni. Mwanamke yuko nyumbani, mvua inanyesha, na kuna buti. Kipande hiki nilikisoma mara nne:

"Mvua imenyesha siku nne. Njia yote ni tope, lakini buti la kushoto halina tope. Kila jioni nalitoa, naliosha, nalirudisha mlangoni. Halijui kwamba halitakwenda popote. Kule chini ya migomba mzee anahesabu mikungu, na kila akifika tisa anasahau, anaanza tena moja. Ningemwita. Mdomo wangu umefungwa kwa kamba niliyopewa na mwingine, nami niliapa kutoifungua."

Damu ilinipanda. Sikuhitaji mwongozo wa kusahihisha. Kushoto ni wapi? Siku ya hukumu kondoo watawekwa kulia na mbuzi kushoto, na mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kuelezwa kushoto ni wapi. Mzee chini ya migomba ni mimi, mjinga anayehesabu mali huku nyumba ikiibiwa. Na huyo "mwingine" aliyempa kamba na kiapo, huyo ndiye mwenye ng'ombe wa Nyansiongo. Mwanamke amefanya dhambi, dhambi imemwelemea, akaiandika hadharani akidhani mzee hatang'amua. Dalili ya mvua ni mawingu, na haya yalikuwa mawingu yaliyopigwa chapa.

Hata hivyo mimi ni msahihishaji, na msahihishaji hatii hasira kwenye alama. Niliandika pembeni: "Lugha safi. Lakini buti moja peke yake halina maana. La pili liko wapi? Mwandishi afafanue." Chini nikatia 11/20, nikaizungushia duara, nikampa Bochaberi arudishe.

Alirudi baada ya nusu saa.

"Amesemaje?"

"Amesoma ulichoandika. Akacheka kidogo, halafu akalia."

"Ameona nimemshika."

Bochaberi alisimama katikati ya chumba akiwa ameshika kiuno. "Mwalimu, isome tena ile hadithi. Na safari hii uweke kalamu chini."

"Nimeisoma mara nne."

"Umeisahihisha mara nne," alisema, akatoka kwenda kumlisha ndama.

Niliamua. Jumatano iliyofuata ningewaita wazee wa ukoo, na Anyiko angefunga vitu vyake arudi kwao Oyugis. Osoro ningempigia simu nikamweleza baadaye, maana mtu akiwa mbali haambiwi habari mbaya nusu nusu. Mwanangu alikuwa akinipigia kila Sabato jioni. Alisema kazi ni nyingi na kamera ya simu imeharibika, kwa hiyo tulisikizana sauti tu, na mimi nilimwamini kila neno. Shaka yangu yote nilikuwa nimeiweka upande mmoja. Lakini wazee wa ukoo hawafukuzi mke wa mtu kwa sababu ya hadithi. Wangeniuliza umeona nini kwa macho yako, na mimi nilikuwa nimeona buti kwa mbali. Nilihitaji kumwona mwanamume.

Jumapili asubuhi Anyiko aliondoka na kikapu chake. Mimi nilikuwa nimekwisha kupatana na Mogire, mwendesha bodaboda aliyekuwa mwanafunzi wangu wa mwisho darasani na wa kwanza barabarani.

"Mwalimu, tunaenda wapi?"

"Fuata ile pikipiki iliyombeba mama mwenye leso ya manjano. Usimkaribie sana."

"Huyo si ni Madam Anyiko?" Mogire alinigeukia. "Mwalimu, hii mambo mimi siipendi. Ungesema tu pahali unaenda ndio nijue kama mafuta itafika."

"Nyansiongo. Endesha."

Kila kona nilijipangia maneno: nitakayomwambia yeye, nitakayomwambia mwanamume, nitakayowaambia wazee. Nilikuwa na furaha, na hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka. Nilikuwa na furaha ya mtu anayekaribia kuthibitishwa.

Pikipiki yake haikusimama kanisani. Ilipita mbele ya kanisa, watu wamevaa vizuri wakiingia, ikachukua njia ya udongo katikati ya mahindi, ikamshusha kwenye geti la shamba moja lenye ua wa misonobari. Nilimwacha Mogire barabarani, nikajipenyeza kwenye ua, mzee wa miaka sitini na tisa mwenye suti. Nikaona zizi la ng'ombe wa maziwa, weusi kwa weupe, walioshiba. Pembeni mwa zizi palikuwa na nyumba ndogo ya mabati, mlango umefunguliwa. Kikapu cha Anyiko kilikuwa kizingitini.

Na kando ya kikapu lilikuwepo buti. La mpira, la kijani, lenye ukanda mweupe juu. La kulia. Hili lilikuwa na tope mpaka kwenye kifundo.

Nilitaka kupiga makofi. La pili liko wapi? Hili hapa! Nilikuwa nimeuliza kwa wino mwekundu na jibu limesimama mbele yangu. Ndani nilisikia mwanamke akicheka, na sauti nzito ya mwanamume ikamjibu, na maji yakamiminwa kwenye beseni.

Nilitembea mpaka mbele ya ule mlango. "Toka nje!" nilipiga kelele kwa Kiswahili, kwa kuwa sikujua huyo mtu ni wa kabila gani. "Wewe mwanamume, toka nje nikuone!"

Ng'ombe mmoja alinigeukia akitafuna. Halafu ile sauti ikanijibu kwa Ekegusii, lugha yetu, polepole.

"Siwezi kuja haraka, Tata. Nisubiri."

Hakuna mtu duniani anayeniita Tata, yaani baba, kwa sauti ile isipokuwa mtoto wangu mmoja. Nilisimama. Nilisikia mti ukigonga sakafu, kisha mguu, kisha mti. Hatua za chumba kile hazizidi tano, lakini alichukua muda ambao nilikuwa nikiwapa wanafunzi kusoma maswali yote.

Osoro alitokea mlangoni na magongo mawili kwapani. Alikuwa amekonda. Suruali yake upande wa kushoto ilikunjwa na kupigwa pini juu ya goti, na chini ya pini hapakuwa na kitu.

Yeye ndiye aliyezungumza kwanza, kwa upole, kama anayemtuliza mtoto. Mashine ya kubebea mizigo ilimlalia mguu mwezi wa Novemba. Walimkata huko huko. Alirudi Februari, na rafiki yake wa shule, Nyakundi, akampa kazi ya kukamua hapa, kazi ambayo mtu huifanya ameketi. Anyiko alimletea nguo, na katika yale mabuti yake ya zamani alimletea moja tu, maana la pili lingembebesha uchungu bure.

Nikakumbuka ng'ombe niliyemsikia kwenye simu mwezi wa Aprili. Nilimuuliza, Arabuni kuna ng'ombe? Akasema ni televisheni. Nikakumbuka pia maziwa.

"Kwa nini hukuja nyumbani?" niliuliza.

"Ulisimama mbele ya watu wote siku ninaondoka, Tata. Baada ya maombi. Ukasema, nenda mzima urudi mzima, mwana nusu mimi simpokei. Watu wakacheka, na mimi nikacheka." Akaitazama ile pini ya suruali. "Nikiwa hospitalini nilikuwa nalisikia hilo tu."

Nililisema. Nakumbuka hata jinsi nilivyoinua kidole. Nilikuwa nikitania, nilitaka wazee waone kwamba silii.

Anyiko alikuwa nyuma yake, leso ya manjano imemwangukia mabegani. Alinizungumzia akiwa ametazama chini, kama mke wa mwana anavyotakiwa kumzungumzia baba mkwe, na adabu ile ilinichoma kuliko tusi.

"Aliniapisha, Mwalimu. Nisikuambie kwa mdomo wangu. Mama alijua tangu Machi, naye akaapishwa vilevile. Mimi na wewe hatuwezi kukaa tukasemezana hata bila kiapo. Nikasema, lakini huyu mzee anasoma. Nikiandika, atasoma, na akisoma atajua." Aliivuta leso kichwani. "Nililiweka buti moja mlangoni ulione kutoka kwenye chai. Nikalitaja kushoto hata kwenye kichwa cha hadithi. Sikuficha kitu chochote. Ukaniuliza la pili liko wapi, nikadhani umefika. Nikaona ile kumi na moja."

Nilikuwa nimemwendea binti yule na shutuma mdomoni, na yeye miezi minne alikuwa akibeba mguu wa mwanangu peke yake, Jumapili baada ya Jumapili, kwenye kikapu.

"Ingia, Tata," Osoro alisema. "Hapa ni kwa Nyakundi. Si nyumba yangu, hakuna mwiko."

Lakini kitanda kilichokuwa ndani kilikuwa chake na mkewe, na mimi nilikuwa nimevunja vya kutosha siku hiyo. Nilikaa chini pale kizingitini, na suti yangu. Buti la kulia lilikuwa kando yangu na tope lake. Nilivuta ndoo iliyokuwa karibu na zizi, nikachukua kitambaa kilichofunika kikapu, nikaanza kuliosha.

Kanisani kwetu, kila robo mwaka, kabla ya meza ya Bwana, tunaoshana miguu. Nimeosha miguu ya wazee wenzangu, yenye sugu na yenye harufu, na nimepiga magoti bila kusukumwa. Mguu wa kushoto wa mwanangu sikuwahi kuuosha hata siku moja, na sasa haupo. Nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya mke wa mwanangu na mbele ya ng'ombe wa watu, na Mogire aliyekuwa amekuja mpaka getini akaondoka kimya kimya kurudi kwenye pikipiki yake.

"Tata, limeshatakata," Osoro alisema baada ya muda. "Utalitoboa."

Nililigeuza maji yakatoka. Nililisimamisha palepale, nikajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Mwalimu," Anyiko aliuliza taratibu, "lile la nyumbani nilitoe mlangoni nikirudi?"

"Liache," nilisema. "Mwenyewe atakuja kuliondoa leo. Mogire anangoja barabarani."

Osoro hakusogea. Magongo yake yalilia kidogo juu ya saruji.

"Nije hivi?"

"Hivi hivi," nilimwambia, nikainuka nikamshikia buti lake avae.